Mama Anasikia Baridi

Wewe mwenzangu unayelipia joto la watu wasiofunga milango, vuta kiti ukae. Wale ambao wakisema nyumbani kwao "zimeni taa" taa zinazimwa, hii haiwahusu. Waendelee na furaha yao.

Sisi tunaishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, mpakani na Kanada, na baridi ya huku haina utani. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha mji kilisoma nyuzi 28 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, ambazo kwa Selsiasi ni 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa. Mimi ni dereva wa basi la shule, kwa hiyo nilibaki nyumbani, na kufikia saa tano nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli nje kulikuwa kubaya kiasi hicho.

Kwetu ni Muheza, Tanga. Baridi ya Muheza ni ya mwezi wa saba asubuhi: watu wanajifunga shuka mabegani, jua likipanda shuka linarudi kitandani. Mke wangu ni wa Makete, kule juu jirani na uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako mwezi wa sita na wa saba umande unaganda kwenye majani ya viazi. Utotoni alikwenda shule peku akikanyaga umande huo. Habari hiyo ya peku nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu, na kila inaposimuliwa mkono wake uko ukutani, anateremsha joto.

Tena ni Mkinga. Msomaji wa Tanzania akisikia Mkinga na hela katika sentensi moja anajua mjadala umekwisha. Bili zinaingia kwenye simu yake, anazilipa yeye, kwa hiyo nyumbani anaitwa Waziri wa Nishati. Cheo nilimpa mimi kwa utani. Madaraka alijitwalia mwenyewe.

Baraza lenyewe limekaa hivi. Binti mkubwa, Tumaini, ni Wakili, kwa sababu hajawahi kuambiwa jambo akakosa kifungu cha kulipinga. Wa kati, Baraka, ni Dubu: anavaa kaptura hadi Desemba na hajui kwamba mlango, baada ya kufunguliwa, una kazi nyingine iliyobaki. Mdogo, Neema, ni Afisa Maliasili, na sababu utaiona. Kuna shemeji yangu, mdogo wake Waziri, anayekaa nasi kwa muda. Muda huo una miaka sasa. Yeye ni Injinia. Hajasomea. Anatazama video. Mimi wananiita Mjusi wakidhani sijui, kwa vile alfajiri hunikuta nimeketi sakafuni juu ya tundu la hewa ya moto, macho nimefumba nusu.

Tundu hilo ndilo mwisho wa safari ya joto letu. Besimenti kuna tanuri la gesi. Feni inasukuma hewa ya moto kupitia mabomba ya bati hadi kwenye matundu ya sakafuni vyumba vyote. Anayetoa amri ni kidude cha ukutani, kidhibiti joto. Sebule ikipoa chini ya kiwango ulichoweka, kidude kinaliwasha tanuri, ikifika, kinalizima. Basi. Zaidi ya hapo kazi yake ni kuvunja ndoa. Waziri anataka nyuzi 66 za Fahrenheit, kama 19 za Selsiasi. Mimi nataka 72, yaani 22. Tofauti ya nyuzi tatu za Selsiasi, lakini kuna nchi zimepigana kwa madogo zaidi.

Na uone mkosi: mmoja wa mababu wa kidude hicho alizaliwa hapahapa mjini. Zamani nyumba zilipashwa kwa makaa ya mawe, mtu anashuka chini kila mara kufungua na kufunga kilango cha hewa cha tanuri. Mwaka 1885 Mswisi mhamiaji, Albert Butz, akatengeneza hapa Minneapolis mtambo wa kumpunguzia mtu ngazi: chumba kikipoa, umeme unaachia kijimota, kijimota kinavuta mnyororo, kilango kinainuka, moto unapata hewa. Kampuni iliyotokana na mnyororo ule ndiyo ikaja kuwa Honeywell. Nikimtaja Butz mezani, Waziri ananijibu na Alice Parker, mwanamke mweusi wa New Jersey aliyepata hataza mwaka 1919 ya tanuri la gesi lenye vichomeo mbalimbali, hewa moto ikipelekwa chumba hiki au kile kadiri inavyotakiwa. Hapo huwa nanyamaza, maana nyumba yetu ingejengwa kwa ramani ya yule mama, kila mtu angekuwa na hali ya hewa yake na mimi nisingekuwa mjusi wa mtu.

Lakini nyumba yetu ni ya mbao, ya miaka ya 1920, ghorofa moja na nusu, vyumba vya juu vimebanwa na paa. Nyumba za umri huo zina mambo yake. Ukutani karibu na mlango wa jikoni kuna kijikabati chenye vilango viwili, kimoja nje, kimoja ndani. Enzi hizo muuza maziwa alifungua cha nje akaweka chupa, mama mwenye nyumba akafungua cha ndani akachukua. Muuza maziwa hayupo tena, kijikabati kipo. Afisa Maliasili akagundua kwamba ukiacha vilango vyote viwili wazi kidogo na kumwaga karanga katikati, kindi wa uani anaingiza kichwa hadi jikoni, anakutazama, anakula. Kindi yule alinenepa mpaka majirani wakawa wanauliza. Mimi nilikuwa nasikia upepo kwenye vifundo vya miguu kila nikinywa chai, nikadhani ni uzee.

Kisa cha filta nacho nikiseme. Usiku mmoja tanuri likawa linawaka dakika chache, linazima, linawaka, linazima. Injinia akashuka na simu yake, akasikiliza, akatoka na hukumu: ubongo wa tanuri umekufa, wa kuagiza kwenye intaneti. Alikuwa ameshaingiza namba za kadi, kadi yangu, Waziri aliporudi kutoka zamu ya usiku hospitalini. Hata koti hakuvua. Akashuka na tochi, akavuta filta. Filta ni fremu ya karatasi ngumu yenye wavu, inakaa kwenye njia ya hewa inayorudi tanurini, izuie vumbi. Ya kwetu ilitoka ya kijivu, nene kama godoro la mtoto. Ukiisogelea ungeona nywele za rasta za Wakili, za kahawia na za zambarau za kile kipindi tusichokizungumzia, unga wa chapati, na manyoya ya mbwa wa jirani, ambaye kwa sheria za nyumba yetu haingii ndani. Hewa ikikosa njia, tanuri linachemka kupita kiasi, na swichi ya usalama inalizima lisijiunguze. Halikuwa gonjwa, lilikuwa limezibwa pumzi. Filta mpya ni dola chache dukani, na wakati wa baridi haifai kukaa zaidi ya miezi michache. Waziri aliiweka ile ya zamani juu ya meza ya chakula, ikakaa pale mpaka wote tumekula kifungua kinywa tukiitazama.

Injinia alijaribu kujisafisha kwa kuleta hita mbili za umeme alizozipata kwa mtu anayehama. Nadharia yake ni kwamba kupasha nyumba nzima ni ushamba, pasha palipo na mtu. Nadharia si mbaya, kama mtu ni mmoja, chumba ni kimoja na kwingine kote umeteremsha. Sasa sisi ni sita na kila mmoja ana chumba anachokasirikia ndani yake. Hita ya aina ile inakula wati 1,500. Saketi ya vyumbani ni ampea 15 kwa volti 120, ukomo wake wati 1,800. Moja inapita, ya pili ikiungana nayo, swichi inaruka na nusu ya nyumba inaingia gizani, na gizani humo unaisikia sauti ya Wakili akidai fidia ya kazi ya shule iliyopotea.

Waziri aliketi na bili mbili na kalamu. Gesi ya huku inauzwa kwa themu, na themu moja ina joto sawa na uniti 29 hivi za umeme, uniti zilezile unazozijua za LUKU. Kwetu themu ilikuwa kama dola moja, uniti kama senti 15. Joto la dola moja ya gesi, ukilitaka kwa hita ya umeme, linapita dola nne. Hata ukitoa lile linalopotelea kwenye bomba la moshi, na tanuri la zamani linaweza kupoteza sehemu 20 katika 100, gesi bado ilikuwa mbali mbele. Injinia akaleta hoja ya pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa: inazoa joto la nje, hata kwenye baridi, na kuliingiza ndani, na kwa uniti moja inaweza kukupa joto la uniti mbili au tatu. Hapo alisema kweli, nikubali nisikubali. Waziri akasema tanuri likifa tutazungumza. Tangu siku hiyo Injinia hulitazama tanuri kwa jicho la mrithi.

Sasa tuje kwa Mama.

Mama yake Waziri, mkwe wangu, alikuja kututembelea Januari. Nauli za Januari ni rahisi, na Mkinga ni Mkinga. Uwanja wa ndege alitokea na masweta mawili, kitenge, na koti zito la marehemu baba mkwe. Shikamoo mama, marahaba baba, habari za safari, Mungu ni mwema. Usiku ule ule, baada ya kula, akaniuliza kwa upole, "Baba Tumaini, moto mnaukokea wapi?"

Nikampeleka besimenti. Nikapiga goti, nikamwonyesha kijidirisha, ndani yake vindimi vya bluu vimepangana mstari. Akainama, akatazama sana.

"Huu ni wa kuchemshia chai," akasema, akapanda ngazi.

Ndugu yangu, mimi si mtu mbaya, lakini fursa ikikaa mbele ya mtu aliyevaa soksi tatu, ataitazama tu? Mke anaweza kumkatalia mume. Anaweza kumkatalia hata mchungaji. Mama yake mzazi, mgeni, mzee, amevuka bahari: hawezi. Jioni ya pili nikauliza, Waziri akiwa anasikia, "Mama, baridi hii unaiweza kweli?"

Mama akanitazama nilivyojikunyata, akasema, "Ni baridi kweli, baba."

Kwangu hiyo ilikuwa hati yenye muhuri. "Mama anasikia baridi," nikamwambia Waziri jikoni, sauti ya chini, ya huruma. Kidude kikapanda 68. Siku zilizofuata nikawa nauliza kila jioni, kwa heshima zote, na kila jioni Mama anaitikia, maana mkwe hambishii mkwewe mbele za watu. Heshima ya ukwe ni jambo zuri sana, nawashukuru waliotutangulia. Tukafika 70. Tukafika 72, nchi yangu ya ahadi. Kwa tamaa nikauliza tena, tukafika 75, ambazo ni karibu 24 za Selsiasi, na mimi Januari ya Minnesota nikaketi sebuleni na fulana ya mikono mifupi nikila chungwa. Wakili alinitazama akasema, "Baba, Bibi anatoka jasho." Nikamwambia ni nguo nyingi.

Tanuri likawa halipumziki. Nje, kwenye ukingo wa paa, ikaota michirizi ya barafu, mirefu, mingine inamfikia Dubu kiunoni kutoka juu. Dubu anavunja mmoja uwe panga, anapigana na hewa, anaingia ndani, anaacha mlango. Mama aliipenda michirizi ile kupita kitu kingine chochote Marekani. Alipigwa picha mbele yake na koti la marehemu, ikapelekwa kwenye kundi la ukoo, Makete nzima ikajibu Amina.

Siku moja ya jua akataka kuchoma mahindi. Injinia, mwepesi wa kumridhisha mama yake, akaanza kuliburuta jiko la mkaa kutoka uani aliingize gereji, mlango ufungwe, baridi isimpige mzee. Waziri alimfokea kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mkaa unaowaka ndani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasikia usingizi, analala. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya hewa hiyo isizidi futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na ya kwetu Waziri huijaribu mwenyewe. Mama hakuhitaji kuelezwa sana. Kule nyanda za juu kusini kila msimu wa baridi hukosi kusikia nyumba iliyolala na jiko la mkaa ndani, asubuhi mlango ukavunjwa. Akasema mahindi yachemshwe.

Halafu ikaja bili. Sitaji kiasi, niseme tu ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Januari iliyotangulia, na Waziri aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kumlaumu mama yake hawezi. Kunilaumu mimi hana ushahidi. Ikabaki nyumba. "Kuna mahali panavuja," akasema, akapiga simu kuomba ukaguzi wa nishati.

Hapa nikwambie jambo kama na wewe uko huku, umekaa na bili huna pa kuipeleka. Minnesota ina kanuni ya msimu wa baridi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30: ukiwasiliana na kampuni mkapanga malipo, na ukayatimiza, hawakukatii joto. Upo mpango wa serikali kuu wa kusaidia bili za joto kwa wenye kipato kidogo, ulioanzishwa 1981, na mwingine wa tangu 1976 unaolipia kuziba nyumba zao. Wabongo wengi wanaona haya kuomba. Baridi haioni haya kuingia. Omba.

Mkaguzi alifika asubuhi, kijana mpole, akavua viatu bila kuambiwa, Mama akampenda papo hapo. Kijana akaziba mlango wa mbele kwa kitambaa chekundu chenye feni kubwa katikati, ikawa inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje, ili kila upenyo wa nyumba uvute ya nje na ujitaje wenyewe. Alipoiwasha, nyumba yetu ilipiga mluzi. Soketi za kuta za nje zikapuliza. Mfuniko wa dari ukatetema. Jikoni, kilango cha muuza maziwa kikafunguka kwa kishindo, na maganda ya karanga ya msimu mzima yakaruka hewani yakatua kwenye sufuria, kwenye kitambaa cha meza, kwenye nywele za Wakili. Afisa Maliasili akaanza kulia kabla hajaulizwa.

Mkaguzi akapanda darini, akashuka akitikisa kichwa. Juu kule kihami kilikuwa kimelala, chembamba, na matundu ya nyaya na mabomba wazi. Hewa ya moto inapanda, akasema, inatokea juu, na kadiri inavyotoka juu ndivyo ya baridi inavyofyonzwa kutoka chini. Joto likivuja darini linayeyusha theluji juu ya paa, maji yanatiririka hadi ukingoni, hakuna joto huko, yanaganda. Akaonyesha dirishani. "Ile michirizi ni gesi mliyolipia." Mama alipotafsiriwa akatoa simu, akaitazama tena ile picha yake.

Halafu mkaguzi akachukua kamera inayoona joto, akapita chumba hadi chumba, sote nyuma yake, penye baridi kioo kinaonyesha zambarau. Chumba chetu, zambarau kwenye pembe. Cha Dubu, hivyohivyo. Akafungua chumba cha wageni, na kioo chote kikawa zambarau. Pazia lilikuwa limevimba limeinuka karibu kufika dari. Kijana akalisogeza kando kwa adabu. Dirisha, la kuinua kwenda juu, lilikuwa limeinuliwa, na chini yake limewekewa gogo lisishuke: kandambili. Ya bluu. Ya Mama.

"Mama," Waziri akasema, "mbona dirisha liko wazi?"

"Mwanangu, ningelala vipi? Humu ndani nilikuwa naungua."

"Lakini si unasikia baridi?"

Mama akanigeukia. Hakuwa na ubaya hata chembe, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Nilimwona Baba Tumaini anasikia baridi, naye anaona haya kusema. Kila jioni ananiuliza mimi. Nikawa namwitikia ili apate joto lake."

Waziri hakusema neno. Mkinga akinyamaza anahesabu. Wakili ndiye aliyevunja kimya, akiwa bado na maganda kichwani: "Kwa hiyo tulikuwa tunapasha mtaa."

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, maana sikuwa na kura. Mafundi waliziba kwanza, mkaguzi alisisitiza hilo: nyufa za darini, za nyaya, na kule besimenti ambako mbao za nyumba zinakalia msingi, ndipo wakapulizia darini selulosi, magazeti ya zamani yaliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, inchi 14 hivi. Kwanza ziba, ndipo utandike, kwa sababu kihami hakizuii upepo unaopita ndani yake. Kijikabati cha maziwa kikajazwa povu. Madirishani tukabandika nailoni, tukaikaza kwa hewa ya draya ya nywele, kazi ambayo Injinia aliifanya vizuri kweli na hajaacha kuisimulia. Mama akashona vitenge mirija miwili, akaijaza mchanga, inalala chini ya milango ya nje; Dubu hujikwaa, na akijikwaa anakumbuka kufunga. Mchana Mama alikuwa anafungua mapazia ya upande wa kusini jua liingie, na kabla halijazama kayafunga yote.

Michirizi ya barafu ikawa haba. Bili ikashuka. Kidude kiko 66 mchana, na watu wakilala kinateremka 60 chenyewe. Idara ya Nishati ya Marekani inasema ukiteremsha nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa 8 kila siku unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka, na Waziri ameiandika hiyo asilimia kwenye mlango wa friji. Nywila ya kidude anayo Wakili. Nilijaribu kumhonga. Alipokea, akamwambia mama yake.

Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, Mama alivua lile koti la marehemu akanivika mbele ya watu. "Likufae wewe, baba, unayesikia baridi." Nimelivaa sasa hivi ninapoandika. Lina mfuko wa ndani, na nimekuta humo risiti ya mbolea ya viazi ambayo Waziri anasema nisiitupe.

Kuna jambo moja ninaloomba kwenu. Natafuta mgeni wa Januari ijayo. Awe mzee wa kuheshimika, mtu wa pwani halisi, Tanga, Pangani, Mombasa, hata Unguja, na awe anasikia baridi ya kweli, aseme mwenyewe bila kuulizwa. Mama yangu mzazi nimemwomba. Amesema theluji ataiona kwenye televisheni. Chumba kipo na dirisha limezibwa. Nauli tutazungumza, ila msimpigie Waziri.